Rivyu: fundi wa ghorofa ya tatu Kariakoo aliyegundua RAM yangu ni muongo (nyota 4)

Jamani nimeahidi watu kama wanne kwamba ntaandika hii kitu, naandika sasa hivi kabla sijasahau, itakuwa ndefu kidogo ila kama una laptopu ya ThinkPad ya mtumba au unafikiria kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) soma yote.

Mimi nina stationery ndogo Sinza, naprinti, natengeneza kadi za harusi na za michango, watu wanaleta CV, kazi zenyewe ndo hizo. Mashine yangu ni ThinkPad X230, ya mwaka 2012 hiyo, mzee kabisa lakini kibodi yake tamu na haijawahi kunisumbua. Ilikuwa na stiki moja ya RAM, 4GB. Ukifungua kadi kubwa yenye picha za maharusi pamoja na brauza basi inaanza kuhema kama daladala inapanda kilima imejaza. X230 ina sloti mbili na inapokea mpaka 16GB, kwa hiyo nikasema ngoja niongeze stiki ya 8GB niwe na 12.

Nikaenda duka moja hapo Kariakoo, silitaji na msiniulize inbox, nikauziwa stiki imeshatumika, imebandikwa stika safi 8GB DDR3 (DDR3 ni kizazi cha RAM), elfu sitini na tano. Kijana akafungua mfuniko wa chini akaipachika sloti ya pili, akawasha. Giza. Taa ya pawa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Akazima akawasha tena, giza. Akaitoa, mashine ikawaka vizuri na ile 4GB yangu. Akaniangalia kama daktari mwenye habari mbaya, "Dada mazabodi yako, ule ubao mkuu, sloti ya pili imekufa, hizi mashine za zamani ndo zao, ukitaka nina mazabodi ya X230 hapa laki mbili na nusu na kufunga nakufungia bure." Nikasema sina hiyo hela, basi nirudishie ya RAM, akanionyesha kibao ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Nimetoka hapo nimevimba. Mteja wangu mmoja ndo akanielekeza kwa huyu fundi.

Kufika: ukishuka mwendokasi kituo cha Msimbazi unatembea kama unaenda Mtaa wa Aggrey, jengo lina maduka ya kava za simu chini, unapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Ngazi ni nyembamba na kuna watu wanashusha maboksi muda wote, ukiwa na mtoto mgongoni utateseka. Ofisi ni chumba kama jiko langu, meza moja, feni moja, taa ya kupigia solda, na mabenchi mawili ya wateja ambayo saa tano asubuhi yalikuwa yamejaa. Nilisubiri masaa mawili na dakika arobaini. Hakuna namba, hakuna foleni ya maana, anayejua kuongea kwa sauti anahudumiwa kwanza. Hapo ndo nyota moja ilipoondokea, naisema mapema kabisa.

Ila sasa zamu yangu ilipofika.

Nikamweleza, sloti ya pili imekufa. Hakubisha wala hakukubali. Akachomoa 4GB yangu kutoka sloti ya kwanza, akaipeleka sloti ya pili peke yake, akawasha. Ikawaka. Dakika moja haijaisha! "Dada sloti yako nzima. Tuulize hii stiki sasa." Yani yule wa kwanza alitaka kunibadilishia mazabodi ya laki mbili na nusu bila kufanya hiki kitu cha kuhamisha stiki moja tu. Nilicheka kwa hasira.

Hapa naenda ndani kidogo maana ndo utamu wenyewe, na mimi nilisoma diploma ya IT kabla maisha hayajanipeleka kwenye kadi za harusi, kwa hiyo nilikuwa namuuliza mpaka akawa ananijibu huku amegeuza kiti.

Mashine ikiwashwa, RAM inakuwa ipo ipo tu, haitumiki. Prosesa haijui kama ni stiki moja au mbili, ni za ukubwa gani, za spidi gani. Ile programu ya kwanza kabisa, fimwea, ambayo watu tunaiita BIOS, inakaa kwenye chipu ndogo kwenye mazabodi na inaanza kukimbia bila RAM yoyote, inaazima kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya ndani ya prosesa ndo inaitumia kama daftari la muda. Af kazi yake kubwa ya mwanzo ni kwenda kuziuliza stiki. Kila stiki ya RAM mbali na zile chipu kubwa nyeusi ina kachipu kadogo sana ka miguu nane, ka ukubwa wa punje ya mchele, hako ndo kana maelezo yake yote. Maelezo hayo yanaitwa SPD. Kwenye DDR3 ni baiti 256, kwenye DDR4 zikawa 512, DDR5 ni 1024. Mpangilio wa baiti zenyewe umewekwa na JEDEC, chombo cha viwango vya elektroniki, kwa hiyo baiti namba fulani ina maana ileile kwenye stiki ya kampuni yoyote.

Kuuliza kwenyewe kunapitia waya mbili tu, moja ya saa (mapigo ya kuongoza mwendo), nyingine ya data. Asili yake ni I2C, njia ya chipu kuongea, ya Philips ya miaka ya themanini mwanzoni, baadaye Intel wakaja na SMBus mwaka 1995 juu ya wazo hilohilo. Kila stiki ina anwani yake, zinaanzia 0x50 mpaka 0x57. Kwenye X230 sloti ya kwanza ni 0x50 na ya pili 0x51.

Nikamwambia fundi hii ni kama mjumbe wa nyumba kumi anapita na daftari anagonga milango. Akacheka akasema hasa, na mjumbe huyo hana macho, anaandika anachoambiwa mlangoni. (Huu mfano nauomba haki miliki.)

Basi akachukua stiki yangu akaiweka kwenye X230 yake ya mezani, ambayo haina BIOS ya kiwandani, ina coreboot. Kama hujawahi kuisikia, coreboot ni fimwea huria, kodi yake (maandishi ya programu) iko wazi mtu yeyote anaisoma, ilianza mwaka 1999 kwenye maabara ya Los Alamos kule Marekani kwa jina la LinuxBIOS, jina likabadilishwa 2008. Faida yake kwa fundi ni kwamba inaongea. BIOS ya kawaida ikishindwa na RAM inakuachia kioo cheusi ukisie mwenyewe, coreboot inaandika kila hatua iliyofanya na unaweza kuyasoma maandishi hayo baadaye. Na kwa mashine za kizazi hiki cha X230 sehemu ya kuamsha RAM imeandikwa yote upya na wanajamii wake, sio boksi limefungwa la Intel, kwa hiyo akikwama anafungua kodi anaangalia mstari gani umegoma.

Akawasha na stiki yake nzima sloti ya kwanza na yangu ya pili. Nikajua giza tena. Ikakaa kidogo, ikakaa, af Linux (mfumo endeshi wake) ikatokea! Nikashangaa mbona kwangu ilikuwa giza. Akafungua zile logi akanionyesha kwa kalamu: imesoma 0x51, stiki imejitambulisha kuwa ni DDR3, ina safu mbili za chipu, jumla 8GB. Fimwea ikaanza kuizoesha, maana kuuliza tu hakutoshi, lazima itume data kwenye kila safu iangalie ilivyorudi, isogeze saa kidogo mbele kidogo nyuma mpaka ipate pale pazuri. Safu ya kwanza ikajibu poa. Safu ya pili kimya. Ikarudia, kimya. Mwisho ikaamua kuiacha hiyo chaneli (njia ya data ya sloti hiyo) nzima na kuendelea na stiki nyingine. BIOS yangu ya kiwandani ilikuwa inafika palepale ila yenyewe inasimama hapo milele.

Turudi kwa mjumbe: kaambiwa mlangoni humu tunaishi familia mbili, akaandika mbili, kaleta vyandarua vya familia mbili, anagonga chumba cha pili hakuna mtu, na hawezi kuondoka mpaka afunguliwe.

"Sasa hesabu chipu," fundi akasema. Akabandua ile stika ya 8GB polepole kwa ncha ya kisu. Upande mmoja nne, upande mwingine nne. Nane. Juu ya kila chipu kuna namba ndefu na katikati yake imeandikwa 4G08, akasema hiyo ni gigabiti 4 na upana biti 8. Chipu nane za biti nane ni biti 64, hiyo ni safu MOJA kamili. Na gigabiti 4 mara nane ni gigabiti 32, gawa kwa nane (biti nane ni baiti moja), gigabaiti 4. Hii stiki ni ya 4GB. Ingekuwa ya 8GB kwa chipu za aina hiyo zingekuwa kumi na sita.

Nilikaa kimya kwanza.

Yani kuna mtu, simjui ni nani na wala sisemi ni yule kijana wa duka maana huenda na yeye kauziwa hivyohivyo, kaingia kwenye kale kachipu ka SPD akabadilisha maandishi ili stiki ya 4GB ijitangaze 8GB. Nikauliza inawezekanaje, fundi akasema kuna utaratibu wa kufunga nusu ya kwanza ya hizo baiti 256 isiandikike, ila sio stiki zote zimefungwa, hii ilikuwa wazi.

Af sasa hapa ndo pa kulipia hela. Kurekebisha hakufanya kwenye laptopu, ana sloti ya RAM aliyoing'oa kwenye mazabodi iliyokufa, ameisolda waya za volti 3.3, ya chini (graundi), ya saa na ya data (pini za 199 mpaka 202 hivi, mwishoni kabisa mwa stiki), zinaenda kwenye programa (kifaa cha kuandikia chipu) ile ndogo nyeusi ya USB ya CH341A. Nilimuuliza kwa nini asiandikie palepale kwenye Linux, akanipa stori ya ThinkPad za zamani za mwishoni mwa miaka ya tisini, zilikuwa na chipu inaitwa AT24RF08 kwenye waya hizohizo, programu ya lm_sensors ya kusomea joto na feni ikipita kuchungulia tu, haiandiki chochote kwa makusudi, inaiharibu na mashine inagoma kuwaka. "Waya ya pamoja sio ya kuchezea dada." Na hiyo CH341A akasema usinunue ukaitumia hivihivi, nyingi zinapeleka volti 5 kwenye laini za data wakati chipu inataka 3.3, ya kwake kaichokonoa kwanza.

Akasoma baiti zote 256, akazihifadhi kwenye faili, akanitumia na mimi WhatsApp. Baiti ya 2 inasema 0B, hiyo ndo DDR3, sawa. Baiti ya 7 ndo inasema idadi ya safu, ilikuwa 09, maana yake safu mbili. Baiti za 126 na 127 ni CRC, ile hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna aliyechezea baiti za kabla yake. Akapiga hesabu, haikulingana. Huyo tapeli alibadilisha idadi ya safu akasahau, au hajui, kubadilisha na hesabu ya uhakiki. Fundi akabadilisha kwenye skrini tu, bado hajaandika, 09 kuwa 01, yani safu moja.

CRC ikalingana. Hakugusa kitu kingine chochote! Kwa hiyo ndo ilivyotoka kiwandani, hakuna ubishi tena. Na ukishuka chini baiti za 128 mpaka 145 ndo jina la bidhaa, hizo ziko nje ya hiyo hesabu, tapeli hakuzigusa pia, tukaitafuta ile namba mtandaoni inaleta stiki ya 4GB. Jamaa mvivu kweli.

Akaandika ile baiti moja. Baiti moja tu. Katikati umeme ukakata jengo zima, watu wakapiga yowe chini, yeye wala hakushtuka maana programa inakula umeme wa betri ya laptopu yake. Akasoma tena kuhakikisha, akaipachika kwenye mashine yangu sloti ya pili, ikawaka, 8GB jumla. Sio 12 niliyotaka ila ni mara mbili ya niliyokuja nayo.

Bei: kupima elfu kumi, kurekebisha SPD elfu kumi na tano. Hakuna risiti, niliomba akaandika kwenye kipande cha boksi la chaja. Kaka kama unasoma hii nunua kitabu cha risiti jamani, wengine tuna hesabu za biashara.

Kwa kuwa nilishaona faida nikamwambia aniwekee na mimi coreboot, hiyo ni elfu hamsini na unaacha mashine mpaka kesho. Sitaongea sana. X230 ina chipu mbili za BIOS, moja megabaiti 8 nyingine 4, anafungua anabana klipu, anasoma kilichopo kwanza mara mbili na kulinganisha, nakala ya BIOS yako ya zamani anakupa kwenye flashi (peleka flashi yako, ya kwake anataka elfu nane). Matokeo: mara ya kwanza kuwaka ilichukua muda mpaka nikaanza kuomba dua, akaniambia inaizoesha RAM upya, ikimaliza inahifadhi majibu kwenye chipu. Kweli kuanzia mara ya pili inawaka haraka mno, nembo ya zamani sijaiona tena. Ukibadilisha stiki inagundua kwa sababu SPD sio ileile, inaanza mazoezi upya, usiogope.

Jambo moja alilonionyesha kwa majivuno wakati anasubiri ni namna kodi inavyosoma hizo baiti. Hiyo waya inaenda kilohezi 100 tu. Ukisoma baiti moja moja kila swali ni karibu biti arobaini za kwenda na kurudi, kwa baiti 256 inakula kama sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila stiki. Ukiomba fungu la baiti 32 kwa mkupuo inashuka mpaka kama robo ya hapo. Nikamwambia nani anajali robo ya sehemu ya kumi ya sekunde, akaniangalia kwa huruma kabisa.

Ubaya wa coreboot niseme pia. Hamna menyu nzuri ya kubonyeza kama ya zamani, ukitaka kubadilisha mpangilio fulani unarudi kwake au unajifunza. Kama mashine ni ya ofisi ya mtu usifanye. Na kama unatumia laptopu ya kisasa usimsumbue, alishamkataa mtu mbele yangu, akamwambia hiyo mfano wake hauko kwenye orodha, nenda salama. Nilipenda hiyo, wengine wangeshika hela kwanza.

Kuhusu duka la kwanza. Nilirudi kesho yake na stiki, stika nimeiacha imening'inia nusu ili chipu zionekane, na picha ya zile baiti kwenye simu. Nikamwita mwenye duka mwenyewe, mzee mmoja mtaratibu tu, nikamwambia shikamoo baba, naomba tuhesabu wote. Tukahesabu. Moja mpaka nane. Nikamwambia sasa leta nyingine ya 8GB hapo kwenye kabati, akaleta, tukahesabu, kumi na sita. Hakuniuliza hata baiti ni nini. Akamgeukia yule kijana akamwangalia muda mrefu kidogo, af akafungua droo akanirudishia elfu thelathini na tano, akasema hiyo ya 4GB ni thelathini ndo bei yake, tusameheane binti yangu. Nikapokea. Kijana alikuwa anapanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kwa hiyo fundi: utaalamu tano, bei tano, kusubiri mbili, mazingira mbili na nusu, usafi wa kazi tano (skrubu zote zilirudi, wenye ThinkPad mnajua hilo ni jambo kubwa). Kwa jumla nampa nne. Jumapili hafungui, Ijumaa anaondoka mchana kwenda kuswali anarudi saa nane na nusu. Simu hapokei akiwa anasolda, yani hapokei. Wahi kabla ya saa nne asubuhi, na beba chaja yako maana za kwake zote zina wateja.